Tundu Nyuma ya Kitanda

Nilijifungua mtoto wangu wa kwanza msimu wa karafuu, mwaka ule wa uchaguzi ambao majirani waliacha kusalimiana. Mimi ugomvi wao niliusikia kupitia ukutani tu. Nilikuwa ndani ya arubaini ya uzazi, katika chumba cha ndani cha nyumba ya mama mkwe, huko Jadida. Dirisha lake moja lilizibwa kwa magunia ili upepo usinipige, na chini ya kitanda cha kamba kuliwekwa kigae cha makaa ya vifuu vya nazi, kwani mzazi sharti aote moto.

Niseme jinsi nilivyo. Sikupelekwa skuli. Nilijifundisha kusoma kwa karatasi za kufungia sukari, na tangu hapo naogopa kosa kuliko ninavyoogopa nyoka. Herufi ikipinda naifuta mpaka karatasi itoboke. Basi nilitaka kuwa mzazi asiye na dosari. Uji wa pilipili manga niliumaliza, joto sikulilalamikia. Nilitaka mama mkwe ajisifu kisimani kwamba mkaza mwana wake anajua kukaa ndani.

Mvua ikaja. Karafuu mbichi zikaanuliwa uani na kutandazwa kwenye majamvi, ukumbi mzima mpaka kizingitini kwangu. Mlango wa mbele ukafungwa kwa sababu ya mvua, wa nyuma kwa sababu yangu. Moshi, udi, vitambaa vya mtoto vilivyokataa kukauka, na ule ukali wa karafuu unaochoma macho, vyote vikakaa nasi humo, havina pa kutokea.

Mtoto akaanza kuacha titi. Ananyonya kidogo, analiachia, anavuta pumzi kwa mdomo, mbavu zinabonyea. Akichukuliwa barazani nyuma kuoshwa, namsikia analia kwa sauti nene. Akirudishwa, analia kama paka aliyefunikwa kapu.

"Mama," nilimwambia mama mkwe, "tufungue dirisha japo kidogo."

"Halifunguliwi. Wataka upepo ukuingie uvimbe miguu, watu waseme nimekuua?"

"Mtoto hapumui vizuri."

"Mafua hayo. Baba yake alikuwa vivyo hivyo, na leo akikoroma makuti yanapukutika."

Akacheka, akaongeza makaa, akatoka.

Nikabaki nikihesabu pumzi za mwanangu. Nikiasi, nitakuwa mzazi mbaya. Nikitii, je, atafika asubuhi? Nilijichukia kwa kulinganisha mambo hayo mawili, lakini niliyalinganisha.

Ukuta ulikuwa wa fito na udongo. Nikachukua kijiko cha uji, nikakwangua nyuma ya kitanda, pale kichwa chake kilipolala, udongo nikiukinga kwa kanga. Hata hapo sikuweza kuacha ovyo: nililainisha kingo za tundu kwa mate, nikazizungusha kwa kidole. Hewa baridi ikaingia, yenye harufu ya majani yaliyolowa. Nikamsogeza. Akapumua, akashika titi, na mimi nikajikunyata kwa hofu ya upepo huohuo.

Mama mkwe aliporudi na makaa alisimama mlangoni. Moshi haukuwa umejaa chumba kama kawaida, wote ulikuwa umeinama kumwelekea yeye. Akaufuata ulikotoka, akainama, akapeleka kiganja ukutani.

"Panya wa nyumba hii hawatoboi duara namna hii," alisema.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Mtoto alikuwa akinyonya, na kila funda lilisikika likishuka. Alisikiliza muda, kiganja chake bado kiko pale tunduni. Nilingoja alizibe.

"Sogea," alisema.

Akanihamishia upande wa pili wa kitanda, juu ya makaa, mtoto akamwacha penye tundu. Kati yangu na mtoto akatundika mkeka, kutoka darini mpaka kitandani.

"Upepo wake yeye, moto wako weye. Akitaka titi, mpitishe chini ya mkeka."

Hivyo ndivyo nilivyomaliza arubaini yangu, macho yakinichuruzika, joto likinipanda mgongoni. Upande wa pili wa mkeka mwanangu alikuwa akipumua hewa ambayo mimi sikuruhusiwa kuigusa.