Nilipoambiwa Nijitafakari

Mwanangu, siku ile naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, siku lori la kahawa yetu liliporudishwa hapa kijijini kwetu Mabira na mzigo wake wote. Kiwandani walisema kahawa ni mbichi, itaota ukungu. Na mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima nilikuwa mimi.

Usidhani uenyekiti nilipewa kwa kuhurumiwa. Shule niliishia darasa la nne, lakini kibanja changu, migomba na mibuni yote ile, nimekipanua kwa mikono hii. Nyumba ya kwanza ya bati la rangi kijijini petu niliijenga mimi. Ukipita utaiona, haijifichi.

Basi mkutano ukaitwa, watu wamevimba. Akasimama Projestus, mtoto wa mdogo wangu, katoka chuo juzijuzi. Akanipa shikamoo kwa adabu zote, halafu akawageukia watu. "Kwa hali hii, mwenyekiti ajitafakari." Makofi yakapigwa, na wengine wakaanza kunong'onezana nani akae kwenye kiti changu.

Mimi nikamshukuru. Cheka tu. Sikuwa mtu wa kusikiliza hotuba za wakubwa, sikujua kwamba siku hizi ukirushiwa neno hilo maana yake uondoke. Nililisikia kama lilivyo. Nikaomba wanisubiri mpaka Jumapili baada ya misa, nikajitafakari.

Nikakaa peke yangu kwenye turubai la kuanikia, nikajiuliza: wewe uliyeinuliwa na kahawa, ulikuwa unafanya nini ambacho sasa hufanyi? Jibu halikuchelewa. Nilikuwa naing'ata. Zamani gunia halikutoka kwangu bila kupasua ganda na kuonja punje kwa jino. Ikilia, imekauka, ikibonyea, irudi juani. Tangu niwe mwenyekiti, kazi yangu ni kukaa kando ya mizani napokea salamu.

Jumapili ikafika, Projestus anangoja niage. Nikawaambia nimejitafakari, na nimejiona nafaa sana, ila meno yangu yalikuwa likizo. Kuanzia leo hakuna gunia litakalopita bila kung'atwa, tuanze na la kwangu.

"Baba mkubwa," akasema kwa sauti ya chini, "nilimaanisha ujiuzulu."

"Basi ungesema nijiuzulu. Umesema nijitafakari, nimejitafakari."

Mama mmoja kule nyuma akadakia kwamba sasa kijana ndiye aende akakitafakari Kiswahili chake. Watu wakaangua kicheko, na kiti kikabaki changu.

Tukaanika upya, nikang'ata mpaka taya zikauma. Lori likaondoka, na safari hii lilirudi tupu, dereva anapiga honi tangu kule mlimani. Imepokelewa yote! Wanawake wakapiga vigelegele, mimi nikabebwa juujuu, na mimi si mwepesi.

Sasa shika hili, mwanangu. Kujitafakari si fimbo ya kumfukuzia mwenzako. Ukitaka mtu aondoke, mwambie aondoke. Neno hili lina "ji" ndani yake, kwa sababu kazi yenyewe unajifanyia, hakuna wa kukufanyia. Ukiambiwa, hata kwa ubaya, wewe lichukue kwa maana yake nzuri: kaa peke yako, tafuta ulichoacha kukifanya, kisha inuka ukakifanye.

Mungu akupe moyo wa kujitazama bila kujikimbia, na kila utakaposimama mbele ya watu, usimame umenyooka. Amina.