Tairi Nzima za Nyuma

Baba mkwe alikuwa nahodha wa kisiwa cha Ndau tangu hajaota ndevu. Uzeeni akanunua pikapu kuukuu, akaiweka Mokowe, huku bara, ibebe samaki mpaka mji wa Hindi. Mimi ni fundi wa magari hapo Mokowe. Nani mwingine angeigusa?

Mara ya kwanza kuiendesha niliingiwa na hofu. Kwenye kona unakata usukani, yenyewe inanyoosha tu kuelekea porini. Ubovu ulikuwa wazi: tairi za mbele zina kipara na upepo nusu, tairi nzima ziko nyuma, na masanduku ya samaki na barafu yamerundikwa mkiani mpaka pua imeinuka. Nikazihamishia mbele zile nzima, nikazijaza upepo, nikayasogeza masanduku nyuma ya kiti cha dereva. Ikakata kona kwa adabu.

Mzee alipoiona alicheka mpaka akakohoa. Akanisomesha mbele za watu: chombo hupakiwa tezini, huko nyuma, ili omo, huko mbele, iinuke ipande wimbi, na mtanga ni wimbi la nchi kavu. Tairi laini ya mbele, eti, haizami. Nikamwambia siku hizi ni lami, Baba, hakuna mchanga wa kupanda.

"Hiyo ndia naijua tangu hujazaliwa," akasema. "Rudisha kama zilivyokuwa."

Kwetu humbishii aliyekuoza binti yake. Ukithubutu, utasutwa mpaka kwenye harusi za wajukuu. Nikarudisha. Wakati ule nilijiambia ni heshima. Heshima gani! Ulikuwa woga mtupu, na mpaka leo najichukia kwa woga huo.

Haikutimia wiki. Kona ya kuingia Hindi, mzee akiwa usukani, pikapu ilinyoosha vilevile, ikauparamia mkorosho, na nyonga ya mzee ikavunjika. Chombo hatapanda tena. Hata ngazi za nyumba yake anashushwa kwa kubebwa.

Wageni wanakuja kumtazama kutoka Amu na Shela. Kila anayeuliza ilikuwaje, mzee hushusha pumzi, kisha hunielekezea kidevu nikiwa nimeshika birika la kahawa.

"Fundi wake ni mkwe wangu huyu," husema. "Nimemsamehe."

Wote hunigeukia, mke wangu akiwa mmoja wao. Nami namimina kahawa, nimenyamaza, kwa sababu nati za tairi zile nilizikaza mwenyewe.