Gari Lililokataa Mbele ya Lango la Mama Mkubwa

Natengeneza umeme wa magari Kalundu, karibu na bandari ya Uvira, na katika kazi hii hakuna kitu ninachokichukia kama ubovu unaokuja na kuondoka. Waya ikikatika kabisa unaitafuta, unaiunga, unanawa mikono. Lakini gari linalokataa leo na kukubali kesho linawafanya watu waanze kutafuta maana. Na watu wetu wakitafuta maana, mara nyingi wanamkuta mwanamke mzee.

Gari lilikuwa la kaka yangu mkubwa. Lilishushwa kwenye meli hapa hapa Kalundu, usukani upande wa kulia, pamoja na telekomandi moja nyeusi ya kufungia milango. Kaka aliipenda ile telekomandi kuliko gari lenyewe. Alikuwa anashuka, anaondoka bila kugeuka, anabonyeza akiwa amelipa gari mgongo, milango yote inajifunga pwa! na taa zinawaka mara moja. Alitembea kama waziri. Sina wivu, nasema nilichokiona.

Kila Jumapili baada ya misa alimpeleka mkewe kumsalimia mama mkubwa, yaani dada mkubwa wa mama yetu. Mama alitutoka tungali wadogo, na mama mkubwa ndiye aliyetulea katika nyumba ile ile ya mama. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Tulipokua na kuoa alibaki humo, na hakuna aliyewaza kwamba angeweza kukaa mahali pengine. Jumapili alikuwa anatuwekea ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, na bugali, na ole wake atakayesema ameshiba.

Ndipo telekomandi ikaanza kukataa. Ilikataa mbele ya lango la mama mkubwa tu, tena si kila Jumapili. Kaka anabonyeza, kimya. Anarudi nyuma, anabonyeza tena kwa nguvu kana kwamba kidole ndicho kilichokuwa na kasoro, kimya. Kanisani inafunga, sokoni inafunga, kwake nyumbani inafunga.

Aliyeanza kuunganisha mambo ni shemeji yangu, mke wa kaka. Alikuwa na mimba, na ile iliyotangulia ilikuwa imetoka. Hofu ya mwanamke wa namna hiyo si kitu cha kucheka, na mimi sikuicheka. Lakini siku aliyoniambia alichokiona, nilikasirika.

"Inakataa tu kama mama mukubwa iko ameketi inje," alisema. "Akiwa ndani, inafunga. Angalia vizuri."

"Weye unataka kusema nini?" nilimuuliza.

"Minye sisemi kitu. Nasema tu uangalie."

Tangu siku hiyo aliacha kula kwa mama mkubwa. Kwanza alisema tumbo linamsumbua, baadaye akawa anabaki ndani ya gari, kioo kimepandishwa na joto lote lile la Uvira. Mama mkubwa aliondoa sahani ya shemeji bila kuuliza. Alikuwa mtu mzima, alikwisha kuelewa.

Nikamwomba kaka aniachie gari. Nilibadilisha betri ndogo ya telekomandi, nikaifungua na kusafisha vyuma vyake vya ndani. Nikavuta ule mpira ulioko kati ya mlango na mwili wa gari, mahali ambapo waya huchoka kwa sababu ya kufunguliwa na kufungwa kila siku, nikazikagua moja moja. Zilikuwa nzima. Nikafungua mlango wa dereva, nikajaribu mota inayovuta kufuli. Nzima. Kutwa nzima pale kwangu gari lilifunga na kufunguka bila kosa. Nilitamani kulipiga teke.

Basi nikalipeleka penyewe, mbele ya lango. Ilikuwa alasiri. Mama mkubwa alikuwa ameketi nje kwenye mkeka, anachambua mchele. Nikabonyeza. Kimya. Sitaficha: moyo ulinipiga. Niliudharau moyo wangu mwenyewe kwa kunipiga, lakini ulinipiga.

Nikaingiza ufunguo kwa mkono katika mlango wa dereva, nikauzungusha. Milango yote ikajifunga pamoja. Hapo akili ikanirudia. Kama ufunguo unafunga milango yote, basi waya ni nzima, mota ni nzima, kila kitu ni kizima. Gari halisikii tu telekomandi inavyoliita. Na anayeshindwa kusikia mahali pamoja tu, mara nyingi ni kwa sababu mahali hapo pana kelele.

"Mama mukubwa," nikamuuliza, "kwa nini leo umeketi inje?"

"Umeme umekatika, mwanangu. Ndani pamekuwa moto. Ventilateur ikizimika nafanya nini mule, nachomeka?"

Ndiyo hiyo. Umeme ukiwapo, anakaa ndani na feni yake inazunguka. Umeme ukikatika, anatoka nje kutafuta hewa. Shemeji alikuwa ameona sawa kabisa, na ndicho kilichoniuma: aliona sawa, akaelewa kinyume.

Nikaenda kuleta redio yangu ndogo ya mawe, yaani ya betri. Nikaiwasha palepale langoni, mshale ukiwa mahali pasipo na stesheni. Ikaunguruma kama mafuta ya kukaangia samaki. Nikatembea nayo kando ya ukuta, na kadiri nilivyosogea upande wa kibanda cha kuchaji simu, ndivyo ilivyozidi. Kile kibanda kimeegemea ukuta wa mama mkubwa. Umeme wa mtaa ukikatika, mwenye kibanda anawasha konvertisa yake, lile sanduku linalogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumba, ili simu za watu ziendelee kuchajiwa. Lilikuwa sanduku la ovyo, limefunguliwa na kufungwa na mafundi wasio na aibu, na lilikuwa linatapika kelele za redio mtaa mzima. Nikamwomba alizime kidogo. Redio ikanyamaza. Nikabonyeza telekomandi nikiwa nimesimama karibu na mkeka wa mama mkubwa. Pwa!

Nilicheka peke yangu barabarani. Mama mkubwa naye akacheka, bila kujua tunacheka nini. Nilikuwa na konvertisa nyingine nzuri kazini kwangu, nikampa mwenye kibanda, nikalichukua lile sanduku la zamani liwe ushahidi.

Ushahidi! Nilidhani kweli nilikuwa nauhitaji.

Jumapili iliyofuata umeme ulikatika, kama nilivyokuwa nimeomba misani, Mungu anisamehe. Kaka akaegesha. Mama mkubwa alikuwa mahali pake, kwenye mkeka. Kwenye ile avenue, barabara ya mama mkubwa, hapakukosekana kitu cha siku zile za kukataa ila lile sanduku bovu. "Yaya, funga," nilimwambia kaka. Akabonyeza. Milango ikajifunga. Akafungua, akafunga, akafungua tena. Shemeji alikuwa anatazama kutoka kiti cha mbele. Mimi nilisimama pale nimejaa fahari, nangoja washuke, wamwendee mama mkubwa, wale chakula chake.

Kaka alimtazama mama mkubwa kwa muda. Kisha akasema polepole, "Ameacha."

"Nani ameacha?"

"Ameona tuko tunamuchunguza. Ameacha."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa kwamba anasema uchawi, nilimshika mkono nikamvuta mpaka kwenye kibanda, nikamwonyesha konvertisa mpya, nikamletea na lile sanduku bovu, nikamweleza neno kwa neno kama mtoto wa shule.

"Kama ni kile kisanduku," akaniuliza, "kwa nini hakikusumbua gari ya batu wengine?"

"Kwa sababu kwenye ile avenue hakuna mwingine mwenye gari ya telekomandi!"

"Ni vile nasema," akajibu. "Ni ya kwetu tu."

Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kuona kifaa kibovu kama kichwa kile. Zamani, gari lilipokuwa linakataa, kaka alikuwa na wasiwasi tu. Na wasiwasi una nafasi ndani yake, mtu anaweza kupitisha neno. Mimi nililitengeneza gari, na kwa kulitengeneza nikampa uhakika. Laiti lingeendelea kukataa, hata siku ambayo mama mkubwa hayupo, lingemtetea kuliko nilivyomtetea mimi. Hasira ile ninayo mpaka leo, na ninamkasirikia kaka, ninaikasirikia hofu ya mkewe, ninamkasirikia hata padri waliyempelekea shaka yao, akawaambia wasali tu.

Kaka ndiye mkubwa wetu, na nyumba ni ya mama yetu. Alimwambia mama mkubwa kwamba ingefaa akapumzike Katogota, kijiji cha bondeni, kwa wana wa kaka yake, kuna hewa nzuri, kuna mpunga. Hakusema sababu. Alizungumza kwa adabu sana, na adabu ile ilinichukiza kuliko tusi.

Nilimwomba mama mkubwa aje akae kwangu. Alikataa.

"Kesho mutoto wako atakohoa," alisema. "Vile watoto wote banakohoa. Siku ile utaniangalia namna gani?"

Niliapa kwamba sitamwangalia vibaya. Alinishika shavu tu, kama alivyokuwa ananishika nilipodanganya utotoni.

Siku ya kuondoka, gari la kaka lilikuwa limeegeshwa pale langoni, zima kabisa. Hakumpandisha. Alisema shemeji ana miadi hospitalini, gari halina nafasi. Nikaita pikipiki, nikafunga mzigo wake nyuma: sufuria mbili, blanketi, ule mkeka. Mama mkubwa alipanda kwa shida, akajifunga kitenge vizuri, akamtazama kaka, kisha akanigeukia mimi.

"Mutoto akizaliwa, mutaniambia?"

"Tutakuambia," nilisema. Kaka alikuwa anaangalia simu yake.

Mtoto alizaliwa salama, msichana mwenye sauti ya kuvunja vioo. Kaka alinikumbatia hospitalini, machozi yakimtoka, akaninong'oneza, "Unaona? Tangu aondoke." Wauguzi walikuwa wanapita, shemeji alikuwa amelala na mtoto kifuani, na mimi nilikuwa na furaha kweli kwa ajili ya mtoto yule. Huo ndio ubaya wa jambo lile: furaha yangu nayo ilionekana kumkubalia kaka.

Nikatoka nje nikampigia mama mkubwa. Alipiga vigelegele mpaka nikaitoa simu sikioni. Aliuliza mtoto amefanana na nani, kama ananyonya, kama mama yake amekunywa uji. Kisha akauliza ni lini atakuja kumbeba.

Nilitafuta la kusema. Nikamwambia asubiri kwanza, mvua imekata barabara ya bondeni, magari hayapiti.

Ilikuwa mwezi wa saba, katikati ya kiangazi. Jua lilikuwa kali Uvira, na Katogota ni bondeni huko huko, jua ni lile lile, vumbi ni lile lile.

"Ndiyo, mwanangu," mama mkubwa akasema. "Ile mvua, hata huku inanyesha sana."