Kanisa la Kupigia Picha

Jumapili mzigo wetu ulikuwa unapakiwa bandarini Huangpu, nasi hatuna la kufanya. Wakala wetu wa mizigo akatupeleka nje ya Guangzhou, China, kutalii kijiji cha kale cha Kiingereza kilichojengwa juzi. Tukakata tiketi. Kinu cha maji kinazungushwa na umeme, na duka la mikate limejaa mikate ya plastiki. Haya, tukacheka.

Tukaingia kanisani. Mwenzangu, mama mfanyabiashara wa Mwanza, haachi kontena liondoke bila kuliombea. Akatua begi, akapiga magoti mbele ya madhabahu, akafumba macho.

Mlinzi akaja mbio, anapunga mkono kama anayefukuza kuku. "Meiyou! Meiyou!" Ndiyo "hakuna" yao, sokoni tunaambiwa kutwa.

Wakala akatafsiri huku akitazama viatu vyake. "Mama, anasema hapa hakuna kusali. Ni pa kupigia picha za harusi. Maharusi wanakusubiri upishe."

"Kanisani hakuna kusali?" Mama hakuinuka. "Mwambie nimebakiza amina tu."

Mlinzi akamshika kiwiko, akamwinua. Jamani! Mji huu nimenyimwa bei nafuu, nimenyimwa hata chumba cha kulala. Kuona mtu mzima ananyimwa amina, hilo lilinichemsha damu.

Mlangoni nikageuka. Maharusi walikuwa wamepiga magoti palepale, viganja wamekutanisha, macho wamefumba. Mlinzi yuleyule amewashikia taa ya mpiga picha.

Kumbe magoti ruksa, mradi usiwe na unachomwomba Mungu.