Kitambaa Chekundu cha Nestori

Kwetu Kasulu, mtu akikusalimia ukanyamaza, umemtukana. Hata mtoto analijua hilo. Ndiyo maana Nestori, fundi wetu wa redio, alikuwa na kitambaa chekundu: ukikiona mlangoni, ujue anahesabu, usimsemeshe.

Anahesabu nini? Mizunguko ya waya wa shaba, jamani. Mitambo ya muziki ya kwaya ina saketi zinazodeka, hazitosheki na umeme wa upande mmoja. Zinataka chanya huku, hasi kule, sifuri katikati. Adapta za dukani zinatia mvumo, kwaya inasikika kama iko ndani ya mzinga wa nyuki. Kwa hiyo Nestori alizungusha waya wa transfoma kwa mkono wake, pande mbili sawasawa. Ukimpotezea hesabu, anafumua yote, na wewe utasemwa mpaka ujute kuja. Nani ajitafutie balaa? Tukazoea kupita kimya.

Mkewe alipokuwa hai, yeye ndiye aliyeshusha kitambaa jioni na kutuita ndani. Alipofariki kikabaki palepale, kazi iwepo isiwepo, na sisi tukaendelea kupita. Watoto wake wako Dar, wanapiga simu sikukuu. Upweke ulimwingia yule mzee, na ulimuuma. Kutwa nzima alisikia sauti moja tu, ya kwake mwenyewe, ikihesabu.

Mwezi uliopita alikuwa anatengeneza umeme wa mitambo ya kwaya ya Gwarama. Upande wa kwanza wa transfoma umekwisha, wa pili umebaki kidogo. Mara sauti ya mwanamke mlangoni, salamu ya Kiha kabisa:

“Mwidiwe!”

Akili ilimwambia anyamaze, amalize. Mdomo ukakataa. Aliitikia kwa nguvu, akauliza za nyumbani, za shamba, za watoto, huku waya ukimlegea mkononi.

Kumbe Immakulata, muuza samaki wa migebuka, alikuwa anamsalimia mtu kwenye simu. Alichungulia ndani, simu bado sikioni, macho yamemtoka.

“He! Kumbe mzee Nestori unaongea?”

Akaomba radhi, akasema anawahi kumwona mgonjwa hospitali ya Kabanga, akaenda zake.

Nestori alibaki na ule waya. Hesabu imepotea. Akaufumua wote taratibu, bila hata kusonya. Kisha akashusha kitambaa, akakifutia meza, akaanza upya: moja, mbili, tatu, macho yakiwa mlangoni.