Baragumu la Baba Lilivyofika Nyotani

Mpwa wangu hutunga muziki kwa kompyuta. Mwaka jana alipanda kwetu milimani kutoka Same mjini, akitaka sauti ya baragumu la baba yangu kwa wimbo wake wa Wapare watakaohamia nyotani.

Baba akakataa. "Likilia, watu wanakuja na majembe. Niwaambie nilikuwa naimba?"

Mimi hupatana bei sokoni kila siku, lakini mzee hakushuka. Mwishowe nikamuuliza kama kweli hakuna kazi ya kuwaitia watu. Akasema mfereji wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia, umejaa tope.

Basi asubuhi akapuliza, simu ya mpwa ikirekodi juu ya jiwe. Walikuja watu thelathini na mmoja. Nikahesabu tena: thelathini na wawili, nilikuwa nimejisahau. Tukazibua mfereji hadi mchana, simu ikiendelea kurekodi kando yetu.

Wimbo ulipokamilika, baba aliusikiliza wote. "Hao wa nyotani wameitwa. Mbona hawalimi?"

"Babu, huko maji yataletwa na mitambo."

"Mitambo haizibi?"

Mpwa akacheka, akaifungua tena kompyuta. Sasa wimboni baragumu likinyamaza inafuata milio ya majembe yetu. Langu nalitambua, ndilo linalochelewa.