Siku Viatu vya Baba Vilipotangulia Nyumbani

Juzi nilipita Makole, pale Dodoma, nikakuta kota za polisi tulikokulia zimebomolewa, yamebaki matofali na kokoto. Nikasimama pale kama mjinga. Usinicheke, rafiki yangu, lakini gari lilipopunguza mwendo nyuma yangu, moyo ulinilipuka. Umri wote huu, bado naogopa gari linalopunguza mwendo.

Baba alikuwa sajenti. Nyumbani alikuwa mtu mwingine kabisa: Jumapili alitukaangia karanga, akawasuka dada zangu nywele, tena vizuri kuliko mama, na majirani wakamtania kwamba angefungua saluni tu. Lakini miaka ile serikali iliporuhusu bidhaa za nje, malori yalianza kuleta vitenge, redio na sabuni za kunukia, na majambazi nao hawakubaki nyuma. Magari yakawa yanatekwa kwa bunduki barabara ya Kondoa. Baba akiitwa, alitoka. Sisi tulibaki na woga.

Kota ilikuwa na desturi zake. Askari akifa kazini, mkuu wa kituo alikuja mwenyewe na Landirova, mwendo wa taratibu, kofia mkononi, amebeba vitu vya marehemu. Kwa hiyo gari likiingia polepole, kina mama wote walitoka milangoni kutazama litasimama kwa nani. Sisi watoto tuliacha mpira. Hakuna aliyepumua mpaka lipite.

Kiangazi kimoja baba alikwenda upande wa Kolo kuwasaka majambazi walioteka lori na kumuua utingo wake. Siku zikapita, habari hakuna. Kila jioni mama alisonga ugali, akapika mlenda, akafunika sahani ya baba. Asubuhi aliifunua, chakula hakijaguswa. Shuleni mwalimu alifundisha, mimi simsikii.

Mchana mmoja Landirova ikaingia. Taratibu. Ikapita nyumba ya mwanzo, ikapita ya jirani, ikasimama kwetu. Mkuu wa kituo akashuka, mkono mmoja kofia, mkono wa pili viatu vya baba. Jirani yetu, mama wa Kigogo aliyetulea kama wanawe, alipiga yowe, na kota nzima ikaitikia. Wanawake wakajaa, wamejifunga vitenge viunoni, wengine wanatoa viti nje, wengine wanatandika mikeka. Mama alikaa chini kwenye vumbi. Mimi sikulia. Nilitetemeka mpaka meno yakagongana, kwenye jua lile la Dodoma. Mkuu alikuwa anapunga kofia na kupaza sauti, lakini nani angemsikia? Ikabidi dereva apige honi.

"Shemeji, mumeo mzima," mkuu alisema kilio kilipotulia. "Soli zimemng'oka huko kwenye mawe. Kaomba vishonwe, nimpelekee ile pea nyingine."

Kofia aliivua kwa sababu ya joto. Mwendo ulikuwa wa taratibu kwa sababu breki zilikuwa mbovu. Hapo ndipo mama alipolia, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha hadi jua likazama.

Baba aliporudi alisimuliwa, akacheka. Akaona anacheka peke yake, akanyamaza. Mama alimsogezea sahani ya ugali.

"Siku nyingine ukituma viatu," alisema, "tuma na miguu yako."

Baba alistaafu salama, akajenga Nkuhungu, akafia kitandani kwake tukiwa tumemzunguka. Kina mama wa kota wametawanyika, wengine hata sijui walizikwa wapi. Siku hizi msiba unaingia kwa simu, unaulilia peke yako chumbani, hakuna wa kukutandikia mkeka.

Baba alipokuwa mgonjwa nilimuuliza kama aliwahi kuogopa katika kazi ile.

"Kila siku, mwanangu," alisema. "Kila siku."

Nami miaka yote ile nilidhani woga ni wetu sisi tuliobaki nyumbani. Kumbe baba naye alitoka nao alfajiri, akifunga mlango polepole ili tusiamke.